Sikio la Kushoto la Sajini

Jumatatu, 10 Machi 2025

Madam Caroline amepiga simu kutoka Nairobi. Anakuja Jumapili kumwona mbwa wake. "Mutuku, masikio yameshasimama?" Nikasema yamesimama. Si uongo — sikutaja tu ni mangapi. La kulia liko wima kama askari wa gwaride. La kushoto limejikunja kama bahasha. Mbwa ana miezi mitano sasa! Na aliyemchagua Sajini ni mimi. Nilikwenda Tezo kwa Thoya, mfuga mbwa, nikijipiga kifua: mbwa mimi nawajua, nimelinda nyumba za Bofa miaka kumi na minne! Madam anasema kama si German shepherd halisi, mwenye masikio wima, atarudishwa huko huko.

Jumanne, 11 Machi

Nimetazama masikio ya mbwa kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Kumbe! Kuna mbwa masikio yake huingia kwenye bakuli la maji kabla ya ulimi. Mwingine, mfupi, ana ya popo. Mwingine yamejaa manyoya, utadhani katoka saluni. Na wote ni wa ukoo, wana vyeti. Wangu tu ndiye kagawanya — moja juu, moja chini.

Nimejitazama kwenye kioo. Yangu nayo hayalingani. Lakini hakuna aliyewahi kutaka kunirudisha kwetu Machakos.

Jumatano, 12 Machi

Tezo. Thoya kacheka mpaka akakaa chini. "Mama yake German kweli. Baba yake… alikuwa anapita tu." Mbwa wake wa kuwindia wote wamekatwa masikio, yamebaki kama vishikio vya vikombe. Miiba ya porini isiyashike, anasema. "Mrudishe tu, ndugu yangu. Nikishampitishia kisu, nani atajua lipi lilikuwa limelala?" Kasema kwa wema kabisa.

Sikumaliza chai yake. Nilitembea nusu ya njia ndipo nikakumbuka kuna bodaboda.

Alhamisi, 13 Machi

Plasta! Nimekata boksi la dawa ya meno, nikaliegemeza sikio, nikafunga vizuri. Mbeyu mpishi akatoka kuangalia. "Baba Mwenda, umemtia mbwa antena? Haya, tutashika stesheni gani?"

Sajini kaila plasta. Na boksi.

Ijumaa, 14 Machi

Daktari wa mifugo alikuja kwa ng'ombe wa jirani, nikamvutia kwetu. Kamfungua Sajini mdomo. Anabadilisha meno, anasema. Wakati huu masikio hupanda na kushuka. Huenda litasimama. Huenda lisisimame. Daktari mzima!

Jumamosi, 15 Machi

Saa nne asubuhi — limesimama! Yote mawili! Nikamwita Mbeyu mbio. Alipofika na mwiko mkononi, limelala tena.

"Mimi nakuamini, Baba Mwenda," akasema. Kwa sauti ile ya kumwambia mgonjwa.

Leo nimefagia uwanja mara tatu. Hauna hata jani.

Jumapili, 16 Machi

Amefika. Na Sajini, ambaye humbwekea hata muuza maziwa, kampenda madam pale pale. Mkia, kiuno, kila kitu kinatikisika. Na mbwa akifurahi hulaza masikio nyuma — yote mawili, chapa, kama nywele zilizotiwa mafuta.

"Mbona yote yamelala?"

"Amefurahi, madam."

"Sawa. Akimaliza kufurahi nitaona."

Hamalizi! Madam kakaa kwenye ngazi ya baraza, Sajini kamlazia kichwa mapajani. Mwanzoni alikuwa anamtazama masikio. Sasa anamkuna shingo, anamwambia maneno siyasikii. Mbeyu kanikonyeza: usipige hata chafya.

Mimi niko jikoni, nawachungulia dirishani, eti napika chai. Naandika nimeegemea jokofu. Kumetulia. Sauti yoyote ndogo, Sajini atainua masikio — moja au mawili, sijui.

Sufuria imeanza kutokota. Mfuniko unataka kugonga. Nimeukandamiza kwa mkono wa kushoto.

Unachoma.