Ruhusa ya Kisima cha Riziki

Riziki mwanangu,

Amani ya Mungu ikushukie hapo ulipolazwa. Usishtuke kuona mwandiko wangu. Ni huu huu wa darasa la ngumbaru uliokuwa ukiucheka, ukisema herufi zangu zinatembea kama kaa. Ninachokuandikia siwezi kukisema kaburini, maana njia ile watu hawaishi kupita, nami sitaki kijiji kizima cha Kengeja kijue kuwa ninaogopa.

Ninaogopa, mwanangu. Haya, nimesema.

Mwanao Zuwena, uliyemwacha na kitovu kibichi, sasa yuko chuo kikuu. Kichwa kigumu kama chako. Anaandika maombi ya fedha za utafiti. Anataka kujua kama maji ya visima vilivyoingiwa na chumvi ya bahari ndiyo yanayowapandisha presha waja wazito. Nilipomsikia tu nikajua anamtafuta nani. Anakutafuta wewe.

Alinisomea maombi yenyewe barazani, mimi nachambua mchele. Ya kwanza mwalimu wake aliyarudisha, ati alitaka kuchunguza Pemba nzima na maradhi yote. Nikamwambia, "Wee mtoto, maombi ni kama posa. Jisifu! Nani anakwenda kuposa akataja kilema chake?" Akacheka hata machozi. "Bibi, hawa wenye fedha ukijisifu sana hawakupi. Wanataka swali moja, useme wazi usilolijua, na ukikosea utafanyaje." Lahaula! Uombe fedha za watu kwa kutangaza kuwa hujui? Lakini akafuta, akaandika, akafuta tena, mpaka likabaki swali lile moja la chumvi na presha. Na chini yake akaandika kuwa akikuta maji hayana kosa, atasema hayana kosa. Hapo nikauweka ungo chini. Mtu anayeandika hivyo, akikuta yana kosa atasema pia.

Kisha akaniambia atapima visima vya pwani na vya juu, na wenyewe wote wamesharidhia isipokuwa kimoja. "Bado cha mama, Bibi."

Riziki, nilimfokea mpaka kuku wakaruka. "Kisima cha mamako hakiguswi! Kile wakfu!"

Unajua kwa nini. Siku ile ya uzazi wako, miguu imekuvimba, kichwa kinakupasuka, neno lako la mwisho kwangu lilikuwa, "Mama, maji." Ulipokwisha kwenda nikauza mkufu wangu wa harusi, nikakuchimbia kisima nyuma ya msikiti, kila anywaye thawabu ikufikie. Na watu wanakunywa. Wanasema, "Mungu amrehemu Riziki," wanajitwisha ndoo zao, wanakwenda. Furaha niliyobakiwa nayo ni hiyo.

Lakini bahari imepanda tangu uondoke. Bonde letu la mpunga la chini limekufa. Bi Mwanakombo jirani aliniambia maji yako yana chumvi, nikamwambia ulimi wake ndio uliooza. Nami kila nikinywa naisikia. Hiyo chumvi. Naimeza, nanyamaza.

Zuwena hakunijibu kwa ukali. Alisema tu, "Bibi, nikipima vya wenzetu nikakiacha chetu, maombi haya ni uongo." Akakunja karatasi zake akaenda kusali.

Tangu hapo sina raha. Maua, mkaza mwana wa Bi Mwanakombo, ana mimba kubwa, na kila asubuhi anakuja kuchota kwako. Nami, Mungu anisamehe, nimeanza kumtazama miguu. Juzi kandambili zilikuwa zimembana. Je, mwanangu, nimekuchimbia thawabu au... Neno hilo silitaki. Chuoni kwa Kurani tulifunzwa kuwa sadaka ya maji ni bora, na kwamba thawabu ya elimu yenye manufaa nayo haimkatikii marehemu. Nayajua yote. Lakini hofu ikiingia, hata ulichohifadhi kinakimbia.

Karatasi ya Zuwena inataka mwenye kisima aridhie. Mwenye kisima ni wewe, na wewe hujibu. Ndivyo ulivyokuwa hata ulipokuwa hai, ukinuna unanuna, mtu abembeleze mpaka achoke. Basi leo asubuhi nimeridhia kwa niaba yako. Zuwena aliniletea wino nitie dole gumba, nikamrudishia wino wake. Nimeandika jina langu zima, na kaa wake wote.

Halafu nikamfukuza Maua kisimani pamoja na ndoo zake. Nimemwambia aende kliniki akapimwe presha leo hii, asiningoje nimbebe. Maji ya kunywa atachukua kwenye mtungi wangu, Zuwena ametuchotea kwenye kisima cha juu. Amenuna, anadhani nimemnyima maji ya marehemu. Na anune.

Sijui kama fedha zitatoka. Sijui maji yako yatasema nini. Naombea yatoke safi.

Pumzika, mwanangu. Nakuahidi hili moja. Maji yakiwa na kosa, sitamwachia sheha na serikali yake, wala Zuwena. Nitakifunika kisima kwa mikono yangu, nizunguke nyumba kwa nyumba niwaambie kwa ulimi wangu, nikianzia kwa Bi Mwanakombo. Na ukiona huko dua zimepungua, usidhani mamako amekusahau. Nitakuombea mimi peke yangu, za kijiji kizima.

Mamako