Adhabu ya Tata Albert

Yaya Béatrice,

Jambo kwako na kwa batoto. Kolwezi mvua inanyesha na bukari tunayokula ni nzuri. Jana jioni Tata Albert, mwenye nyumba ninamokaa, alinipeleka ukumbi wa paruasi, pale kanisani, kwenye klabu yao ya kujifunza kuhutubia. Yeye ndiye anachunga saa: dakika tano kwa kila mutu, kisha kengele. Ukizidisha, adhabu ni kusema tena juma linalofuata. Yeye hajazidisha hata mara moja.

Jana ilikuwa zamu yake, basi kengele akanipa mimi mugeni. Unajua huku banafukuza batu wenye asili ya jimbo la Kasai. Yeye alizaliwa hapa hapa Kolwezi, mutaa wa Musonoi, lakini babu yake alitoka kule, na treni ya kubapeleka huko inaondoka kesho kutwa. Alihutubia juu ya kupanda tomati. Nikapiga kengele. Akaendelea. Nikapiga tena.

“Nimesha kusikia, mwana,” akasema, akaingia kwenye habari ya mbolea.

Mwishowe karani akafungua kitabu. “Tata Albert, umezidisha. Juma yenye kuya utasema tena.”

“Andika jina yangu.”

Karani akaandika. Hakuna mutu aliyetaja treni.

Mungu akuchunge, Yaya. Mbegu zake za tomati amenipa zote, nitakuletea.

Mudogo wako,
Odile