Leonce, Uliyezikwa Bila Mtani Wako

Ni mwaka mmoja sasa, Leonce, tangu tulipokuzika kimya kimya, na ukimya ule bado unanitia kinyaa.

Ninaandika mimi, baba yako, Mathias Luambano wa Bombambili, kwa niaba ya mama yako na ndugu zako. Mama yako alitaka tangazo fupi, picha na mstari mmoja wa sala. Nimekataa. Nilijifunza kuandika nikiwa mtu mzima, kwenye masomo ya jioni, mabega yakiniuma kwa magunia ya mahindi niliyobeba mchana ghalani. Sikuhangaika vile ili nije kuandika mstari mmoja juu ya mwanangu.

Wasiokufahamu wajue kwamba polio ilikushika ukiwa na miaka miwili na miguu yako haikukubeba tena. Ukawa fundi redio sokoni Mfaranyaki. Meza yako ilinuka risasi ya kuchomelea, na mashati yako pia. Mabibi wa jumuiya ya kanisa walikuletea redio zinazokoroma, ukawarudishia zikisali rozari. Ukiulizwa malipo, ulisema, "Nenda bibi, ukifika kwenye Salamu Maria nitaje." Chai yako ilikuwa ya tangawizi, bila sukari, kwa madai kwamba sukari inalegeza mikono. Si kweli. Nilikuonyesha kitabuni, hukunisikia.

Jirani yako pale sokoni alikuwa Daimu, Myao wa Tunduru, muuza korosho. Sisi Wangoni na Wayao ni watani. Babu zetu walipigana, wajukuu tunatukanana na kucheka, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Siku ya kwanza tu alikutazama ukishuka kwenye baiskeli yako ya magurudumu matatu, akapaza sauti soko zima lisikie:

"Ninyi Wangoni si mlitembea kwa miguu kutoka kule kusini kuja kutusumbua? Huyu wa mwisho mbona kaja kwa mikono?"

Wewe ulinyoosha mkono kwenye mizani yake, ukachukua jiwe la kilo mbili, ukamrushia. Alikwepa. Jiwe likavuka barabara na kutumbukia mtaroni. Daimu akalifuata huku akihesabu hatua kwa sauti, akarudi nalo anahema.

"Mtani," akasema, "hebu rudia."

Ndivyo ulivyoanza kurusha tufe. Daimu alikuundia kiti cha mninga, akakipigilia ardhini kwa vigingi vinne, akakufunga kiunoni na mapajani kwa mpira wa tairi ili usiyumbe. Kila Jumapili jioni alikufunga, akakupimia, akakutukana. "Rusha, Mngoni! Hilo tufe, si mtoto unabembeleza!" Jiwe lake la mizani ulilichukua moja kwa moja, ukawa unalala nalo chini ya mto.

Sikupenda urafiki ule. Nilikuwa nimekuchagulia maisha ya heshima, ufundi na kanisa, na muuza korosho ambaye hata darasa la saba hakumaliza akakufanya upige makelele uwanjani, vumbi usoni. Sikuja kukutazama hata mara moja. Hilo nalo liandikwe.

Ulipochaguliwa kwenda mashindanoni Dodoma, kamati ya michezo iliyokupeleka ilisema kiti chako hakiingii kwenye basi. Mizigo yao iliingia. Suti zao ziliingia, zimetundikwa dirishani kama mapazia. Daimu akapanda basi jingine, akasafiri siku nzima amekipakata kiti. Ulirusha mita nane na sentimita arobaini, ukarudi na medali ya fedha, na pale stendi wanakamati wale wale wakakubeba begani ili wapigwe picha. Daimu alisimama nyuma na kiti kichwani. Picha ile niliitundika sebuleni. Niliwaona wenye suti, nikajivuna. Nimeitoa ukutani.

Homa ya mapafu ilikuchukua kwa siku nne.

Kwenye msiba wako walikuja tena. Walileta bango kubwa lenye nyuso zao tano, wewe ukiwa pembeni, mdogo kama stempu. Mmoja wao alisema "kijana wetu" mara tisa. Nilihesabu. Jina lako alilisoma kwenye karatasi. Kisha wakala, wakapangusa mikono kwa vitambaa vyetu vya meza, na mimi, mjinga mimi, nikawa nawaongezea nyama.

Jeneza lilipotoka mlangoni, njia ilikuwa imezibwa. Daimu alikuwa amekaa katikati ya njia kwenye kiti chako, amejifunga mpira kiunoni kama wewe, mkono mmoja shingoni kama anayetaka kurusha.

"Hapiti mtu," alisema. "Huyu Mngoni kaniibia jiwe langu la mizani. Miaka saba nauza korosho kwa kukisia, wateja wananiita mwizi kwa ajili yake. Aamke anirudishie. Ee Leonce! Unajifanya umekufa ili ubaki na jiwe?"

Wanawake walianza kucheka huku machozi yakiwatoka. Mama yako alicheka, kwa mara ya kwanza tangu ulipougua. Hata wabebaji wa jeneza walisimama kumsubiri, maana walijua. Mtani anakuzuilia njia kwa sababu hataki uende. Wote waliokuwa pale walijua hivyo, isipokuwa wale wageni watano.

Mwenye karatasi akaniinamia sikioni, ananukia manukato. "Mzee, huyu mlevi anamdhihaki marehemu, tena mlemavu. Mbele ya wageni, kweli?"

Mimi nilijua, Leonce. Babu yako alipozikwa, Myao alilala ndani ya kaburi akidai amepata kitanda, na hatukumshusha babu mpaka tulipompa Myao yule kuku. Nilijua vizuri kabisa. Lakini niliona haya mbele ya suti.

"Mtoeni," nikasema.

Vijana wawili wakakata mpira kwa kisu, wakamnyanyua. Alikichukua kiti chako, akaondoka nacho. Kicheko kilikatika pale pale. Tulikupeleka makaburini tukisikia viatu vyetu tu. Tuliporudi, mama yako aliniambia neno moja: "Baba Leonce, umemzika mwanangu kama mtu asiye na kwao."

Mwezi uliofuata wale wageni walirudi. Nilidhani wamekuja kutupa pole. Walikuja kuchukua bango lao, wana shughuli nyingine.

Mwaka mzima nilipita ng'ambo ya barabara nikifika Mfaranyaki. Juzi nilivuka. Daimu alikuwa amekaa kwenye kiti chako, anapima korosho kwa kikombe. Nilikuwa na jiwe mfukoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Daimu, nimekuja kukuomba radhi. Na jiwe lako hili hapa."

Hakulipokea. "Radhi, mzee, kamwombe padri. Mtani anatozwa faini."

"Sema."

"Utakaa hapa kwenye kiti. Nitakufunga. Utarusha jiwe la mwanao mbele ya Bombambili nzima. Lisipofika hatua tatu, nahamia kwako, nakula kuku mpaka waishe."

"Nina miaka sabini na nne, Daimu."

"Ndiyo maana nimesema tatu. Mwanao alivuka barabara." Kisha akageuza uso, akaanza kupanga korosho zilizokuwa zimeshapangwa. "Baki nalo jiwe. Utalihitaji."

Tangu juzi ninafanya mazoezi nyuma ya nyumba. Mama yako anachungulia dirishani, anacheka mpaka anashika mbavu, kisha analia kweli, kisha anasema, "Inua kiwiko."

Jumamosi hii, baada ya misa ya saa tatu asubuhi, tutakuja kukuwekea msalaba wa saruji. Daimu ameahidi kuizuia njia tangu mlangoni kwangu, na safari hii hakuna atakayemgusa. Majirani wote mnakaribishwa kunitazama nimefungwa kwenye kiti. Hakutakuwa na hotuba. Wenye mabango wakija watakaa kwenye mkeka, nyuma, na watakula watakachopewa.

Unakumbukwa na mama yako Kunegunda, dada yako Walburga wa Madaba, mdogo wako Saimon, bibi wote wa redio, na mtani wako Daimu, ambaye jina lake lilipaswa kutangulia.

Nami baba yako, nitakuja kukuona ukirusha, nimechelewa, nikiwa kwenye kiti chako. Hatujakusahau, Leonce, wala hatutakusahau. Na Jumamosi tutakusindikiza upya, mara hii kwa kicheko.