Sauti ya Mkamburi

Jumanne, 3 Machi
Asubuhi yote nimekata video ya kikao cha bunge la kaunti. Saa mbili za hotuba, dakika mbili za maana. Nimetuma Nairobi kabla stima haijapotea. Ndiyo kazi ya kujitegemea: leo wanasiasa, kesho kina mama wa maziwa, keshokutwa ndovu kwenye mahindi ya watu kule Chala. Hakuna bosi. Hakuna likizo.

Kesho Werugha. Mama Mkamburi amekubali kuongea. Binti yake, Mkamburi, yuko Uarabuni, kazi za nyumbani, mwaka wa pili sasa. Simu yake imezimwa tangu Krismasi.

Jumatano, 4 Machi
Ukungu mpaka mlangoni. Mama alinikalisha kwenye gogo nimngoje amalize kupalilia kabeji. Kisha tukala kimanga, muhogo uliopondwa na maharagwe. Kisha ndiyo akatoa simu, ameifunga kwenye leso.

Sauti zote alizotuma Mkamburi zimo. Kwenye ile ya mwisho ananong'ona, maji yanamwagika kwenye sinki: “Mama, usijali. Nimechoka tu. Neema ameanza shule?” Neema ni mtoto wake. Alikuwa hapo mlangoni anakula ndizi.

“Zichukue,” Mama akasema. “Watu wasikie. Pengine kuna mtu anamjua.”

Nimelia nikishuka Wundanyi. Nimejikasirikia kwa kulia.

Ijumaa, 6 Machi
Mhariri ameipenda. Itatoka Ijumaa ijayo. Akataka kionjo mtandaoni leo, sekunde thelathini tu, watu wakae wakingoja. Nimechagua ile sauti ya mwisho. Nilijua itawauma. Ndiyo maana nikaichagua.

Kufikia jioni imezunguka vikundi vyote vya Wataita, hapa na ng'ambo. Nimefurahi. Naandika hivyo hivyo: nimefurahi.

Jumamosi, 7 Machi
Msaidizi wa mgombea mmoja amenipigia. Anataka Mama Mkamburi apande jukwaani Mwatate, karibu na mheshimiwa, aseme kidogo. Nikampigia Mama kumwarifu.

“Mimi? Nisimamishwe pale kama ng'ombe wa mnada? Mwambie niko na kabeji.”

Nimecheka mpaka machozi.

Jumapili, 8 Machi
Nimetoka kanisani, nikakuta ujumbe kutoka namba ya nje.

Ni Mkamburi. Msichana wa kazi wa nyumba ya jirani humpitishia simu dirishani. “Dada, futa ile sauti. Nilipanga kutoroka wiki hii. Wakala aliyenileta ameisikia, amempigia mdosi wangu, amemwambia nalalamika kwetu. Sasa nafungiwa kwa kufuli.”

Nikajibu. Nikajibu tena.

Nimeifuta. Haisaidii. Watu walishaihifadhi, wanatumiana bado. Kuna mwanamume ameiwekea muziki.

Nilimwomba mama ruhusa. Mwenye sauti sikumwomba. Ningempataje? Hilo si jibu. Kama sikuweza kumpata, ningenyamaza. Miaka tisa katika kazi hii.

Jumatatu, 9 Machi
Nimemwambia mhariri habari haitoki. “Umeniangusha,” akasema. Sawa.

Nimempata Bi Zuhura, mama wa Mombasa anayesaidia wasichana waliokwama Uarabuni. Nikamweleza yote, na kosa langu. Hakunilaumu. Akaniambia, “Nitafutie nakala ya pasipoti na ule mkataba, mwanangu. Upesi.”

Karatasi ziko kwa Mama. Lazima nipande Werugha. Lazima niseme.

Jumanne, 10 Machi
Nilisema nikiwa nimesimama. Mama alikuwa anakama ng'ombe. Hakugeuka. Nikasikia tu maziwa yakipiga ndoo, kisha yakakoma.

“Ni mimi nilikupa,” akasema.

“Ni mimi niliitoa.”

“Basi tumekosa wawili.”

Akafunika ndoo. Akaingia ndani, akarudi na karatasi kwenye bahasha ya kanisa. Mikono yake ilikuwa bado na povu la maziwa. Nikataka kuishika. Sikuthubutu.

“Sitaki kukuona kwanza,” akasema. “Lakini ukipata habari, piga. Hata nikiwa kanisani, piga.”

Nimeshuka kwa miguu hadi Wundanyi. Sikutaka kukaa na watu.

Alhamisi, 19 Machi
Bado.

Bi Zuhura anasema karatasi zimefika ubalozini, mambo haya hayaendi kwa pupa. Mimi nataka yaende kwa pupa.

Nilipiga picha za harusi Mwatate. Bi harusi alitabasamu siku nzima. Nusu ya picha zilitoka na ukungu.

Mama hataki kuniona, lakini hunipigia kila asubuhi saa moja. “Bado?” “Bado, Mama.” “Haya.” Kisha anauliza, “Umekula?” Halafu anakata.

Nangoja hiyo simu kuliko kitu kingine chochote.

Jumatatu, 23 Machi
Bado. Nimekula.

Jumatano, 25 Machi
Ametoka.

Bi Zuhura amenipigia saa nne. Afisa wa ubalozi alienda na polisi, wakagonga geti. Mkamburi akatoka na mfuko mmoja wa plastiki. Ana kovu mkononi. Anatembea. Anaongea.

Nikampigia Mama. Nikasema neno moja, “Ametoka.” Simu ikaanguka kwenye nyasi. Nikasikia kelele kwa lugha ya Kidawida, sufuria, mbwa. Kisha kisauti cha Neema: “Haloo? Nyanya anakimbia.”

Jumanne, 7 Aprili
Stesheni ya Voi, kumpokea Mkamburi. Mhariri amesikia, ameomba picha za mapokezi. Nimekataa. Kamera nimeiacha nyumbani.

Mama amefika na kitambaa cha kanisani kichwani, Neema mkononi. Hatukuwa tumeonana tangu siku ile. Akaangalia mikono yangu.

“Kamera iko wapi?”

“Nimeiacha.”

“Kwa nini? Mimi nataka picha ya leo. Si ya watu. Yangu.”

Nikatoa simu. Kwa hiyo nilimwona Mkamburi akija kupitia kioo cha simu, mwembamba, amevaa sweta ya mtu. Mama hakukimbia. Alikaa chini, palepale, kwenye sakafu ya stesheni. Mkamburi akakaa naye. Neema alijificha nyuma ya sketi yangu. Hamjui mama yake.

Baadaye Mkamburi aliinuka, akaniangalia kwa muda.

“Ni wewe?”

“Ni mimi. Nisamehe.”

Akaninyooshea ule mfuko wa plastiki. “Nishikie.”

Nikashika.

Jumamosi, 11 Aprili
Werugha. Mama ndiye ameniita.

Tumekaa barazani, Mkamburi na mimi, tukimenya minji. Mimi sikuuliza ya kule Uarabuni. Alizungumza juu ya ng'ombe, juu ya mwalimu wao wa zamani aliyekuwa akipiga chafya mara saba. Analala sana, Mama anasema. Anakula kidogo kidogo.

Neema bado anamwita anti. Leo lakini amekubali kuoshwa miguu naye. Alimkabidhi mguu mmoja. Akafikiri. Akampa na wa pili.

Mvua ikaanza. Tukaingiza minji ndani.