Usiku Mmoja Ulioniomba

Kwako Mama Akinyi, Nyar Asembo wangu, binti wa Asembo,

Nilikuficha jambo, ukaenda kaburini bila kulijua. Mwezi ule tuliokaa Thailand tukilala hosteli badala ya nyumbani kwa binti yetu, si mila iliyotuzuia. Mila ilikuwa imetufungulia mlango kabla hatujapanda ndege. Mimi ndiye niliyeufunga.

Nakuandikia nikiwa Kaloleni, hapa Kisumu, kwenye meza ile niliyosahihishia madaftari ya jiografia miaka yote uliyonijua. Utanisamehe mwandiko. Moyo umechoka. Daktari huniambia mambo kwa upole sana siku hizi, na upole wa daktari una maana yake. Kwa hiyo acha niseme.

Akinyi alipotupigia simu kwamba amejifungua msichana, ulikuwa sokoni Otonglo nyuma ya meza yako ya samaki. Uliinua simu ukilia na kucheka, na mikono yako ina magamba. Akinyi alikuwa amekwenda Thailand kufundisha Kiingereza, akaolewa na Anan, fundi wa pikipiki, mtu mpole asiyemaliza sentensi bila kutabasamu. Wakatutumia tiketi. Ukamwachia dada yako meza, ukashona gauni jipya.

Kabla ya safari nilikwenda Kisian kumwona baba mdogo, mzee pekee aliyebaki katika ukoo wetu. Wewe ndiye uliyenituma. Unajua kwetu mzazi haruhusiwi kulala katika nyumba ya binti yake aliyeolewa. Anayelala huita chira, ile laana inayomkausha mtu na kizazi chake. Nikamuuliza tufanyeje. Mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Huko mbali hivyo? Mtalala kwenye mti? Huko hakuna boma letu, Mwalimu. Msafiri hulala alipopokelewa. Mimi nimesema. Lalani kwa mtoto wenu, mrudi salama."

Niliporudi uliniuliza, "Amesemaje?"

Nikasema, "Amesema twende na turudi salama."

Ukaitikia kwa kichwa ukaendelea kukunja nguo. Hukuuliza tena. Ulikuwa umeniamini tangu ujana wako, na mazoea ya kuamini hayaulizi mara mbili.

Unakumbuka ule mji? Mji mdogo wa makutano ya reli, ambao watu hushuka ili wabadilishe treni tu. Jina lake lilikushinda ulimi, ukauita Otonglo. "Hii ni Otonglo yao," ulisema ulipoona vibanda kandokando ya stesheni, wanawake na makapu yao, moshi wa kuchoma nyama. Akinyi alitupokea mtoto akiwa kifuani. Akasema amekwisha kutupangia chumba, ametandika na shuka mpya.

Nikamwambia, "Mila hairuhusu, nyathina, mwanangu. Tutafutie mahali."

"Baba, hapa hakuna Wajaluo. Nani ataona?"

Ni wewe uliyemjibu, si mimi. "Chira haiulizi pasipoti," ulisema, na sote tukacheka, hata Anan ambaye hakuelewa neno. Ulinitetea. Nilikuwa nimesimama na sanduku mkononi, nikakuacha unitetee.

Hosteli ilikuwa mkabala na stesheni, nyumba nyembamba ya mbao ghorofani na duka chini. Ilikuwa ndiyo rahisi kuliko zote. Chumba chetu hakikuzidi jiko letu la Kaloleni: feni moja ukutani, dirisha linalotazama reli, na kitanda cha ghorofa kama vile vya bweni. Goti langu lilikuwa baya, kwa hiyo ulisema utalala juu. Nyanya mzima! Ulipanda ngazi ile ukijishikilia na kucheka.

"Nyar Asembo, ukianguka nitawaambia nini watu wa Asembo?"

"Waambie nilikufa nikipandishwa cheo."

Wageni wengine walikuwa vijana wa Kizungu wenye mikoba mikubwa mgongoni, wanaokwenda visiwani. Walilala usiku mmoja, asubuhi wakaondoka. Viatu vyote viliachwa mlangoni, mabuti yenye matope yakitupwa ovyo, na wewe hukuweza kupita bila kuinama na kuvipanga, vikubwa nyuma, vidogo mbele, kama unavyopanga samaki mezani. Mwenye hosteli, mjane wa umri wako uliyemwita Min Stesheni, yaani Mama Stesheni, alikutazama siku tatu. Kisha akaleta simu inayotafsiri. Akasema kitu kirefu, na simu ikatoa swali kwa Kiingereza, nami nikakutafsiria: anauliza kama tumepotea.

"Mwambie hatujapotea," ulisema. "Mwambie tunaheshimu."

Sijui simu ilimwambia nini. Alikunja mikono kifuani, akainama, na kuanzia siku hiyo tulikuta ndizi mlangoni kila asubuhi.

Na chakula, Mama Akinyi. Ulikwenda na wasiwasi kwamba utakonda kwa kukosa ugali. Akinyi akatupeleka sokoni, tukapewa wali wa kunata katika kikapu kidogo. Ukamega kwa vidole, ukafinyanga tonge, ukatoboa shimo kwa dole gumba kama ilivyo desturi, ukachota mchuzi. Yule mama muuzaji akapiga makofi, maana hata wao hula kwa mkono hivyo hivyo. Halafu ukawaona wale samaki juu ya makaa, wamepakwa chumvi nene nje kama chokaa, mchaichai umechomoza mdomoni. Ulimbandua mmoja chumvi, ukamtazama usoni.

"Ngege! Mwalimu, huyu ni ngege wa ziwa letu! Nani alimleta huku?"

Ulimla ukiwa na uso wa mtu aliyekutana na jirani katika nchi ya ugeni. Ukasema wamemchoma vizuri, ila wangemtoa kwenye moto mapema kidogo. Ukamwambia na muuzaji mwenyewe, kwa Dholuo, na akakubali.

Kwa Anan ulikuwa mama mkwe wa kwetu kweli kweli. Yeye, kwa heshima ya kwao, alitaka kupiga magoti mbele yako kila asubuhi. Wewe, kwa heshima ya kwetu, hukutaka kukutana naye uso kwa uso. Alipoingia sebuleni ulikimbilia jikoni. Alipokufuata jikoni na zawadi ya maembe ulitokea mlango wa nyuma. Akinyi alicheka akaketi chini. "Mtazungukana hivi mpaka lini?" Mwishowe mkapatana kwamba anaweka kitu mezani, anaondoka, ndipo wewe unakuja kukichukua.

Mchana wote ulikuwa na mtoto. Awuor, mdogo, mweusi kama wewe, mwenye macho ya baba yake. Ulimwogesha, ukamfunga mgongoni kwa leso, ukamwimbia. Jua likishuka, Anan aliwasha pikipiki yake yenye kigari ubavuni, nasi tukapanda. Kila jioni mtoto alilia ulipomkabidhi. Kila jioni ulitazama mbele njia nzima mpaka tuone taa za stesheni.

Lakini asubuhi zilikuwa zetu. Treni ya kwanza ilitutikisa kitandani, tukashuka kwenye kibaraza cha hosteli, Min Stesheni akatuletea maziwa ya soya ya moto na vile vipande vya unga vya kukaangwa ulivyoviita mandazi yaliyokosa sukari. Tuliketi pale sisi wawili hadi Anan aje kutuchukua. Nami, mtu niliyelala nawe maisha yote, nilianza kukusikia.

Fikiria Kaloleni yetu. Vyumba viwili. Watoto wetu, watoto wa kaka yangu, binamu aliyekuja kutafuta kazi akakaa hadi akaoa, wote nyuma ya pazia. Wewe uliamka kabla ya mapambazuko ukimbie ufukweni kuwahi samaki. Mimi nilirudi na madaftari. Tulizungumza nini? Karo. Unga. Nani anaumwa. Nani amekufa nyumbani, na nani atakwenda matangani. Hata tulipogombana tuligombana kwa kunong'ona, kwa sababu pazia lina masikio. Sikuwahi kuwa na mke wangu peke yangu katika chumba chenye mlango.

Pale kibarazani ndipo uliponiambia kwamba ulifaulu mtihani wa darasa la saba kuliko kaka yako, na karo ikaenda kwake. Ulisema bila uchungu, ukichovya andazi. Uliniambia ulikuwa ukisoma vitabu vyangu vya jiografia nikiwa shuleni, na ulijua kuwa mito mikubwa ya nchi ile ilianzia milimani kaskazini. Uliniuliza swali kuhusu mvua ambalo sikuweza kulijibu. Uliniambia kwamba mwaka wetu wa tatu ulifunga nguo zako ukafika hadi stendi ya basi, ukakaa juu ya mzigo, ukaona mwanamke anauza mahindi, ukala moja, ukarudi.

"Nilifanya nini mimi?"

"Hukufanya kitu, Mwalimu. Ndiyo maana."

Ukacheka, ukanipiga begani. Nilikuwa mzee wa miaka sitini na zaidi, na nilihisi kama kijana anayechumbia. Nilianza kuamka kabla ya treni, nikilala macho wazi kitandani chini, nikisubiri mguu wako utafute ngazi.

Siku zilipokwisha tulizokuwa tumelipia, Akinyi alijaribu tena. Alikuja hosteli, akaona ngazi ile, akaona feni. "Baba, Mama hawezi kuendelea hivi." Ukanitazama. Nikasema mila ni mila. Nikaenda kwa Min Stesheni nikaongeza siku.

Halafu ikaja ile jioni. Awuor alipatwa na homa mchana. Daktari wa kliniki alimpima akasema itapita, akatoa dawa. Lakini alikuwa anaungua, na hakutaka mwingine ila wewe. Jua likashuka. Anan akawasha pikipiki. Ukafika hadi getini na mtoto begani, kisha ukasimama. Hukuwa mtu wa kuomba, Mama Akinyi. Katika ndoa yetu yote nahesabu mara chache ulizoniomba kitu chako mwenyewe.

"Baba Akinyi, usiku mmoja tu. Nitakaa kwenye kiti. Sitalala. Asiyelala hajavunja kitu."

Hata hapo ulikuwa unatafuta njia ya kuihifadhi mila niliyokuwa nimeifanya kisingizio. Ilinipasa kusema neno moja. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikasema, "Twende."

Ukambusu mtoto kwenye utosi, ukamkabidhi. Alfajiri hukuningoja. Nilipoamka viatu vyako havikuwapo mlangoni, ulikuwa umekwenda kwa miguu kando ya reli. Homa ilikuwa imeshuka. Hukunilaumu hata siku moja, na kibarazani hatukukaa tena namna ile, maana kuanzia hapo ulikwenda kwa mtoto mara treni ya kwanza ilipopita.

Tukarudi Kisumu. Ukaugua mwaka uliofuata, ukaondoka, na hukuwahi kulala hata usiku mmoja chini ya paa moja na mjukuu wako.

Sasa sikia habari za huku. Akinyi amerudi. Wamejenga nyumba Kisian, Anan ana karakana barabarani, watu wanamwita Jachina, yaani Mchina, na amechoka kuwasahihisha. Awuor amekuwa mrefu. Kila asubuhi Akinyi huja Kaloleni kunipikia na kunipa dawa, na kila jioni huondoka huku amekunja uso, akiogopa atakachokikuta kesho yake. Hajawahi kuniambia nihamie kwake. Anakumbuka nilichosema stesheni, na ananiheshimu.

Jana nilimwambia. Alikuwa anaosha sufuria. Nilimweleza maneno ya baba mdogo, kama yalivyosemwa. Maji yaliendelea kutiririka.

"Mama alijua?"

"Hapana."

"Hata ile siku ya homa?"

"Hata siku ile."

Akafunga bomba. "Kwa nini, Baba?"

Nikaanza kupanga dawa zangu mezani. Akafuta mikono, akaingia chumbani, nikasikia anafungua kabati. Akatoka na begi langu la shule, lile la ngozi. "Nguo zako za baridi ziko wapi? Kesho nakuja na gari. Utalala kwangu, na hasira yangu utaikuta huko huko." Akaondoka bila kuaga.

Atafika hivi punde. Watu wa ukoo watasema, na waseme. Sina wa kumwogopa tena isipokuwa wewe, na nitakuona kabla ya wao. Oriti, kwaheri, Nyar Asembo. Ukiona nakuja, usinipangie viatu, niache nivue mwenyewe.

Swali la Akinyi nakujibu wewe kwanza. Ningeweza kusema nilikupenda, na ni kweli, lakini hilo ni jina zuri mno kwa nilichokifanya. Pale getini nilikutazama umemshika Awuor, naye ametulia kwako namna ambayo mimi sikuwahi kutulia, nikajua ukibaki usiku ule hutarudi tena hosteli. Mtoto mchanga, damu yangu, mgonjwa. Nilimwonea wivu.

Mumeo,
Baba Akinyi