Rimoti Niliyoichagua Edani

Kahororo, Bukoba
18 Mei 2025

Mwanangu Riyadhi,

Assalaam aleikum. U mzima? Yasmin mkeo na wajukuu zangu hawajambo? Mimi mzima, mgongo tu asubuhi, nao nimeuzoea. Ndizi za nyuma ya nyumba zimezaa vizuri mwaka huu.

Usishangae kupata barua. Simu nimeizima. Kila shangazi yako anapiga kuniuliza kama nimekula, kama nimelia, na kama nikilia nalia kwa sauti. Nimechoka kutoa ripoti. Barua hii nampa Maimuna, yule anayepeleka dagaa soko la Muleba kila Jumatatu, naye atanirudishia majibu yako.

Leo ni siku ya ishirini na nane tangu mume wangu Saburi atutoke. Zimebaki mia moja eda iishe. Baba yako nimemlilia na bado namlilia, hilo asinifundishe mtu. Lakini nikimaliza kulia bado ni saa nne asubuhi, na siku za ndani ni ndefu. Kwa hiyo nimeamua jambo, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu.

Nanunua rimoti ya kurushia helikopta ndogo.

Umemaliza kucheka? Haya, endelea kusoma. Unamkumbuka Ephrasia, mwanafunzi wangu wa fizikia, mwenye karakana ya redio pale Miembeni? Yeye na wenzake watatu hurusha helikopta hizo kila Jumamosi kwenye uwanja wa mpira hapa jirani. Tangu nistaafu, miaka sita sasa, nazitazama kutoka dirisha la jikoni. Miaka thelathini na moja niliwafundisha watoto wa watu kwa chaki jinsi kitu kinavyoelea hewani, na mimi mwenyewe sijawahi kurusha hata kimoja! Nilipomwambia baba yako, Mungu amrehemu, alisema, "Mama Riyadhi, na mvi hizo?" Nikanyamaza. Kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo.

Ephrasia anasema mtu huanza kwa kuchagua rimoti, siyo helikopta. Helikopta zitaanguka, utabadilisha. Rimoti utakaa nayo miaka. Tena unaweza kuichomeka kwenye kompyuta ukajifunza kurusha ukiwa umekaa sebuleni kwako. Sasa mjane aliye edani atakuwa amekosa nini hapo? Niletee ile kompyuta yako ya zamani.

Mama yako,
Mwajuma


Muleba
26 Mei 2025

Mama yangu,

Wa aleikum salaam, na shikamoo. Huku hatujambo, ila Yasmin ana mafua. Pole na mgongo. Usiwe unainama kufagia uwanja wote peke yako.

Mama, barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimefunga mlango wa duka ili wateja wasinione. Helikopta? Waitu mama! Arobaini ya baba bado hatujaisoma. Wapo watakaosema umechanganyikiwa, na wapo watakaosema ulikuwa unangoja afe. Baba mdogo Muksini nilimgusia kidogo tu, akasema huo ni upweke, na ndiyo maana hufai kuachwa peke yako.

Tumeshazungumza. Eda ikiisha tutakuja kukuchukua, ukae nasi hapa Muleba. Chumba cha uani nimekipiga rangi. Nyumba ya Kahororo tutaipangisha, isikae bure. Usiwaze sana, mama. Umefanya kazi vya kutosha, sasa ni zamu yetu.

Kompyuta hii hapa. Na ili usihangaike na mambo makubwa, nimekununulia helikopta sokoni, ina rimoti yake humo humo kwenye boksi. Ichezee hapo ndani, hamu itakwisha. Kahawa ya kutafuna iliyo kwenye mfuko imetoka Buganguzi.

Mwanao,
Riyadhi


Kahororo
1 Juni 2025

Mwanangu Riyadhi,

Assalaam aleikum. Yasmin ameamkaje? Achemshiwe tangawizi, asikubali kupoozwa na vidonge tu. Kompyuta imefika salama. Kahawa naitafuna sasa hivi ninapoandika, ahsante.

Helikopta yako nimempa Maimuna akurudishie. Wape watoto. Rimoti ile ina chaneli tatu tu, yaani njia tatu za kuiamuru helikopta, na upepo wa ziwani ukivuma kidogo helikopta itakwenda unakotaka upepo, mimi nibaki nimeshika plastiki. Nilikwambia nataka kurusha. Wewe ulisikia mama anataka kitu cha kumnyamazisha. Imeniuma, Riyadhi, nakwambia wazi.

Juzi Ephrasia aliniletea rimoti tatu, tukazipanga mkekani. Ya kwanza ni ya zamani, ina antena ndefu, nzuri kwa macho. Lakini hiyo mtu mwingine akiwasha yake kwenye masafa hayo hayo, helikopta yako inapokea amri za watu wawili na kuanguka. Nikaiweka kando upesi. Ya pili ni mpya, ya chaneli sita, inafungamana na helikopta yako peke yake. Chaneli sita zinatosha: nne za kuiendesha, moja ya kubadili pembe ya mapanga yanayozunguka juu, moja ya kutuliza mkia. Kasoro yake vijiti ni vifupi na vigumu, na vidole gumba vyangu unavijua vilivyo na baridi yabisi. Mimi siwezi kusukuma kwa dole gumba wanavyofanya wengine. Nakibana kijiti kwa vidole viwili kama chaki.

Ya tatu ina chaneli nane. Vijiti vyake unavirefusha kwa kuvizungusha, springi zake zinalegezwa, na ina mahali pa kufungia mkanda wa shingoni ili mikono isibebe uzito. Niliposhika tu nikamwambia Ephrasia asiirudishe kwenye boksi.

Akaniuliza kijiti cha kupandishia nakitaka mkono gani, maana zipo za kulia na zipo za kushoto. Nikamuuliza ninyi wanne mnatumia upi? Kushoto. Nikamwambia basi na mimi kushoto, ili nikikwama yeyote kati yenu aweze kunipokea. Pia anaweza kuunganisha rimoti yake na yangu, nikikosea abonyeze swichi achukue yeye. Nimemwomba tuanze hivyo siku ya kwanza. Umeona hapo, Riyadhi? Nimemwomba. Wewe na Muksini sikuwaomba.

Habari za watu watasema nini, nimemuuliza ustadhi kupitia mke wake. Eda inanizuia kutoka bila dharura, kujipamba, na kuposwa. Rimoti hakuitaja.

Na nyumba. Kiwanja hiki nilikinunua kwa kiinua mgongo changu na hati ina jina langu. Baba yako aliishi humu akijua hivyo, na hakuona haya. Chumba chako cha uani fugia kuku. Sihami.

Mama yako,
Mwajuma


Muleba
21 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Nimekawia kujibu kwa sababu nilikasirika, na sikutaka kukuandikia kwa hasira. Bado nimekasirika kidogo. Yasmin amepona, anakusalimu sana.

Jirani yako amempigia simu shangazi Asha. Anasema kila siku unasikika peke yako ndani ukipiga kelele, "Simama! Simama wewe! Mkia, mkia!" Huku wanacheka, mama, na mimi siwezi kucheka.

Baba mdogo amepata mpangaji, bwana Kagaruki, mtumishi anayehamia Bukoba. Eda ikiisha atakuja kuitazama nyumba, na Oktoba anataka kuingia. Nakuomba uanze kufunga vitu vyako taratibu.

Unaniona mbaya. Lakini siku ile wewe ulikuwa sokoni, na mimi ndiye niliyeingia nikamkuta baba sakafuni. Nilimwita mara tatu. Sitaki siku moja nifungue mlango ule ule nikukute na wewe. Hilo ndilo linaloniogopesha, wala siyo maneno ya ukoo.

Mwanao,
Riyadhi


Kahororo
31 Agosti 2025

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Wajukuu wameanza likizo? Mimi mgongo umetulia kabisa, sijui ni kwa sababu gani.

Ulichoandika juu ya baba yako nilikisoma nikalia. Miezi yote hii hukuwahi kuniambia kwamba ulimwita mara tatu. Pole, mwanangu, pole sana. Njoo tumlilie pamoja hapa hapa nyumbani. Lakini woga wako usinifungie uani.

Eda iliisha Jumanne. Jana Jumamosi nilivaa rimoti yangu shingoni nikatoka. Nikwambie? Helikopta aliyonitafutia Ephrasia ilipanda! Ilisimama hewani usawa wa magoti, imetulia, nikaipeleka kushoto ikaenda, nikaiita ikarudi. Dakika nne nzima Ephrasia hakugusa swichi yake. Nikamwambia sasa tenganisha rimoti zetu, akatenganisha.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la mtu aliyejifunza edani. Miezi mitatu nimerusha ndani ya kompyuta tu. Kule ikianguka, nageuza swichi ya juu kushoto, inasimama tena nzima. Nimeigeuza mara elfu. Basi upepo wa ziwani ukaipiga, ikalala ubavu, kidole kikaenda chenyewe kwenye swichi ile. Na uwanjani swichi ile ndiyo inayoongeza kasi ya mapanga. Badala ya kuzima, nimechochea! Ikajipigapiga chini, ikachimba nyasi, panga moja likaruka hadi golini. Hakuumia mtu. Mzee Kahangwa, aliyekuwa akitazama pembeni, akapaza sauti, bibi arudi jikoni. Nikamjibu jikoni nimeshatoka, nenda wewe ukageuze maharage. Jioni nikaibadilisha swichi ile, sasa kazi yake ni kuzima. Mapanga mengine Ephrasia anayo.

Sasa sikiliza. Alhamisi Muksini alikuja na bwana Kagaruki, wakapima madirisha yangu kwa ajili ya mapazia. Mapazia, Riyadhi! Mgeni nilimpa chai, kwa kuwa hana kosa, kisha nikamwonyesha hati. Masikini, aliniomba radhi akaondoka. Muksini akabaki kusema ukoo utakaa kikao Jumamosi ya tarehe kumi na tatu, hapo kwako, kuamua mimi nikae wapi.

Siji. Jumamosi hiyo narusha. Wasomee barua hii yote, na hapa usome kwa sauti: Mwajuma ana miaka sitini na sita, ana nyumba yake na akili zake. Anayetaka kumhamisha aje uwanjani amwambie usoni, na asimame nyuma ya mstari wa chokaa, maana mapanga yanakata.

Na wewe utasimama upande gani? Nataka kujua hilo tu.

Mama yako,
Mwajuma


Muleba
15 Septemba 2025

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima, na wewe natumaini u mzima na mapanga yako.

Walikuja watu wanane. Niliisoma yote, bila kuruka neno. Shangazi Asha alicheka mpaka akajifunika kanga usoni. Baba mdogo hakucheka. Aliniambia, "Wewe ndiye mwanamume wa nyumba ile sasa. Sema neno, tumalize." Wote wakanitazama. Nikasema nyumba ile si yangu. Akaniuliza tena, labda alidhani nimekosea, nikamjibu vile vile. Akaondoka bila kula, na Yasmin alikuwa amechinjisha kuku wawili.

Woga haujanitoka, mama, sitakudanganya. Simu yako ikiwa imezimwa moyo unakwenda mbio. Naomba uiwashe saa moja kila asubuhi, unitukane hata kidogo tu nisikie sauti. Ukikataa, nitaendelea kumsumbua Maimuna.

Ndani ya bahasha kuna funguo mbili za mlango wa mbele. Nilizichongesha siku ya mazishi, ulipokuwa umelala, kwa ajili ya mpangaji. Baba alikuwa hajamaliza siku moja kaburini na mimi nilikuwa nimeshakuamulia. Nisamehe, mama. Sikubakiza hata mmoja.

Ijumaa nakuja. Nitapiga hodi nje, ningoje unifungulie.

Mwanao,
Riyadhi