Mlio wa Pili

Dada Yusta,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Nimekaa na kalamu nikitafuta namna ya kuanza bila swali hilo, sijaipata, kwa hiyo nakupa hali yetu sisi. Mama anakula kidogo. Mimi bado nafundisha baiolojia hapa Kasulu, wanafunzi wananiogopa, na sijui nimewafanya nini. Mvua zimekwisha.

Bwana Hemedi wa duka la simu, yule uliyekuwa ukimtania kwamba ameileta Tanga nzima sokoni kwetu, amepokea kamera mpya kutoka kwa ndugu yake Dar es Salaam. Ni zile zisizo na kioo ndani. Anasema niichukue, naye aichukue ya kwako kama sehemu ya malipo. Bila ya kwako siwezi. Amenipa mpaka Jumamosi, maana kuna kijana wa kupiga picha za harusi anayeiulizia pia.

"Mwalimu, hiyo yako ishazeeka," aliniambia. "Inakohoa."

Jumamosi ni kesho. Sijui nifanye nini, na mtu pekee ambaye ningemuuliza ni wewe.

Ngoja nikueleze kwa nini nilianza kuwaza kubadilisha. Kiangazi hiki nilikwenda Moyowosi peke yangu, kwa mara ya kwanza bila wewe. Nilipanda gari mpaka Kibondo, nikalala kwa yule mama wa kanisani, asubuhi nikashuka bwawani. Festo alikuwa ananisubiri na mtumbwi wake. Alikuwa amesikia habari zako. Hakusema pole. Alipiga makofi taratibu kama wanavyosalimia wazee wa Kiha, akainama kidogo, kisha akashika upondo tukaondoka.

Unakumbuka alivyokuwa akikuambia kuhusu korongo-nyangumi? "Ndege huyu ni Muha kabisa, dada Yusta. Akikutana na mwenzake kiotani anainamisha kichwa, anagonganisha mdomo, ka-ka-ka-ka. Makofi hayo." Nawe ukiinua kamera, klak, ndege anageuza lile dude la kichwa na mdomo wake kama kiatu cha mzungu, anatutazama. Wewe unanong'ona, "Ameitikia." Nilikuwa nakuonea wivu kwa neno hilo. Mimi niliyekaa chuo kikuu nikisoma viumbe hai sikuwahi kuitikiwa na kiumbe chochote.

Sasa hawaitikii. Festo aliniambia tukiwa katikati ya mafunjo. Watu wanaingia usiku kuchukua makinda ya kuuza, na mifugo imefika mpaka kule ambako zamani palikuwa maji matupu. "Akisikia klak sasa hivi anajua ni binadamu," alisema. "Anaruka. Na akiruka, kinda anabaki na jua."

Tulimkuta mmoja kwenye kiota. Dada, alikuwa anafanya kile ulichokitafuta miaka yote. Alichota maji kwa mdomo, akarudi, akasimama juu ya kinda, akayamwaga juu yake polepole, kama mama anayemwogesha mtoto kwa kopo. Mwanga ulikuwa nyuma yangu. Alikuwa amejaa kwenye lenzi yako. Kidole changu kilikuwa mahali pake, pale ambapo rangi imefutika kwa kidole chako.

Sikubonyeza. Alichota tena, akamwaga tena, na mimi nimebana pumzi. Festo alinitazama mara moja tu, akatazama maji. Tulirudi bila picha hata moja. Usoni nilikuwa nimeungua na jua kama mtu aliyetoka kulima.

Kamera ya Bwana Hemedi haina mlio. Ile klak ya kwako ni kioo kinachopiga juu kabla ya picha na kurudi chini baada yake, na hii mpya haina kioo cha kupiga. Ningekuwa nayo siku ile, picha hiyo ningekuwa nayo sasa, na yule ndege asingejua kama tulikuwepo.

Hiyo ndiyo sababu ya kubadilisha. Sababu ya kutobadilisha unaijua.

Ulipoanza kukauka sauti tulidhani ni mafua. Kisha tukaambiwa ni saratani ya koo, na wakati tunaambiwa ulikuwa humezi tena chochote kizito. Sauti ikaisha kabisa. Shingo ilivimba, kutikisa kichwa kukawa maumivu. Mkono ulitetemeka, kuandika hukuweza. Ukanionyesha kwa macho ule mkoba mweusi chini ya kitanda, nikakuwekea kamera ubavuni, nikidhani unataka tu kuigusa. Ukabonyeza. Klak. Ukanitazama kama mtu anayesubiri mwanafunzi mzito aelewe.

Moja ndiyo, mbili hapana. Tulikubaliana hivyo. Unataka maji? Klak. Nizime feni? Klak, klak. Manesi walikuwa wakipita wanacheka, "Huyu mgonjwa wetu anatupiga picha tukiwa hatujajipodoa." Bibi alipokuja kutoka kijijini kwetu Titye alisimama mlangoni, akapiga makofi, akakusalimu kwa Kiha, "Mwakeye," nawe ukamjibu, klak. Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kitenge. "Yusta ananiitikia kwa mashine." Ilikuwa siku nzuri. Nilidhani zitakuwepo nyingine kama hiyo.

Halafu ikaja siku ile ya mvua.

Nimeshaandika sentensi inayofuata na kuifuta. Naiandika tena. Daktari alikuwa ametuambia ukweli kwa upole, kwamba tunaweza kubaki pale udungwe sindano za maumivu, au tunaweza kukurudisha nyumbani, na kwamba hakuna jibu baya. Mama akasema tutamuuliza mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekwenda kuchemsha uji. Umeme ulikuwa umekatika, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, wodi ina giza kama jioni. Mama hakunisubiri. Alikuinamia, akakuuliza, "Mwanangu, unataka turudi Titye?"

Nilimkuta mlangoni. "Amekataa," aliniambia. "Nimesikia mara mbili." Na uso wake, dada, ulikuwa na nafuu. Alikuwa anaiogopa ile barabara, anaogopa usiku wa Titye bila sindano. Nikaingia na chupa ya uji. Ukanitazama. Nilidhani ni maumivu.

Tulibaki. Ulifariki mle mle wodini, siku chache baadaye, ukiwa umegeuziwa ukutani na manesi ili usipate vidonda.

Ulirudi Titye ndani ya sanduku.

Baada ya matanga nilifungua kadi. Sikuwa natafuta chochote, nilitaka kuona ndege wako. Nikakuta majibu yako yote yamo. Kila ulipobonyeza, kamera ilikuwa imepiga picha: dari, pindo la blanketi, kiwiko cha mama, mkono wa nesi. "Hapana" zako zimekaa mbili mbili, dari na dari, blanketi na blanketi. Siku ile ya mvua kuna picha moja. Imefifia na imetikisika, inaonyesha kona ya kitenge cha mama, kile cha maua ya bluu. Kabla yake ni ya jana yake. Baada yake ni ya kesho yake.

Wewe ndiye uliyenifundisha. Mara ya kwanza kunipa kamera hii, kivulini pale nyuma ya kanisa, nilibonyeza, nikasikia milio miwili, nikasema nimepiga mbili. Ukanicheka. "Mbili wapi? Penye giza kioo kinapanda, kinakaa huko juu kikisubiri mwanga utoshe, ndipo kinashuka. Juani huwezi kuitenganisha milio. Kivulini, usitikisike mpaka usikie wa pili."

Mama hakufundishwa hilo. Sikumwambia. Mwaka umepita sijamwambia. Amejijengea amani yake juu ya mlio ule wa pili, na mimi ndiye niliyebaki na picha.

Kwa hiyo unaona. Kamera hii ndiyo sauti yako ya mwisho, na ndiyo iliyokusingizia. Nimpe Bwana Hemedi? Niiweke kabatini? Nikiibeba bwawani inafukuza ndege, nikiiacha nyumbani siwezi kulala chumba kimoja nayo.

Naacha hapa. Mama ananiita.

*

Dada, naendelea leo. Ni Jumapili. Mambo yamekwisha, nakueleza yalivyokwisha.

Alichoniitia mama Ijumaa ile ni kwamba amesikia habari za kamera kutoka kwa jirani. Alikuwa jikoni, anasonga ugali.

"Kumbe unaitoa."

"Bado sijaamua, mama."

"Si vibaya. Ni chuma tu." Akageuza mwiko. "Ila niletee kwanza niisikie. Mara moja tu, halafu uende nayo unakotaka."

Jua lilikuwa linazama, na jikoni kwetu unakujua, dirisha moja na moshi. Mwanga wote ulikuwa wa zile kuni. Nikaja na kamera nikasimama mlangoni.

"Twende nje, mama. Nje kuna mwanga."

"Nje nifuate nini na ugali uko motoni? Bonyeza."

Ningeweza kubadilisha mipangilio, milio iungane iwe mmoja. Vidole vyangu vinajua mahali. Sijui kwa nini sikufanya hivyo. Labda sehemu yangu ilikuwa imechoka kuibeba picha ile peke yake.

Nilibonyeza.

Klak.

Na baada ya kitambo, klak.

Mwiko ulisimama. Mama hakugeuka. Nilimwona mgongo tu, na kisigino kilichopasuka, na mkono mmoja umeshika sufuria kwa kitambaa.

"Umebonyeza mara mbili?" akauliza.

Nilikuwa na ukweli mdomoni. Nilikuwa nao kama mtu aliyeweka kaa la moto kwenye ulimi. Nikafikiria macho yako siku ile ya mvua. Nikafikiria mama akiwa na umri huu, anajua, kila usiku mpaka mwisho wake, kwamba uliomba kwenda nyumbani na yeye ndiye aliyesikia vibaya.

"Mara mbili, mama," nikasema.

"Eeh," akasema. "Ndivyo alivyofanya. Ndivyo hivyo hivyo."

Akaendelea kusonga. Alisonga ugali ule mpaka ukawa mgumu kama udongo wa kufyatulia tofali. Tuliula wote. Sijui kama aliniamini. Alipomaliza aliosha mikono, akaja akasimama karibu yangu, akasema, "Kesho iende, mwanangu. Isilale tena humu."

Basi ikaenda.

Bwana Hemedi alinitolea ile mpya kwenye boksi, akanivalisha mkanda shingoni kama mtu anayemvalisha bibi harusi shada. Ni nyepesi. Nikaielekeza mlangoni, kwa mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi, nikabonyeza. Kimya.

"Imepiga?" nikauliza.

"Sasa mwalimu, mimi nijuaje? Angalia."

Nikaangalia kwenye skrini. Ilikuwa imepiga. Yule mama amekamata ndizi, kinywa wazi, anamtania mteja. Picha moja.

"Angalia," alisema. Hakujua alichosema. Siku ile wodini hakuna aliyeangalia. Skrini ilikuwa pale, upana wa kiganja, imegeukia blanketi, na jibu lako limeandikwa juu yake. Tulisikiliza tu. Mama alisikiliza, na mimi niliporudi nikamsikiliza mama.

"Kama hupendi kimya naweza kukuwekea mlio wa bandia," Bwana Hemedi akasema. "Wateja wengine wanaupenda, wanasema bila klak hawajisikii kama wamefanya kazi."

"Uache," nikamwambia. "Inyamaze."

Akaichukua ya kwako kuikagua. Kadi nilikuwa nimeshaitoa, iko kwangu. Alisimama nayo juani barazani, akaibonyeza haraka haraka, klak klak klak klak, kama mtu anayegonga mlango wa wadeni. Nilisubiri moyo unipasuke. Nilijaribu kuhesabu ndiyo na hapana zako, nikashindwa, kisha nikaacha. Ilikuwa kamera tu, Bwana Hemedi anaijaribu. Hukuwemo. Nimelia kwa hilo njia nzima ya kurudi, dada. Kwamba hukuwemo.

Leo nimekuja Titye na nakumalizia barua hii nikiwa kwa bibi. Kaburi limesafishwa. Nimepiga makofi na kuinama, kisha nikakaa, na hakuna kilichoniitikia isipokuwa mbuzi wa jirani.

Naahidi hivi. Kiangazi kijacho nitarudi bwawani, na yule ndege akimwaga maji juu ya kinda wake nitapiga picha, na hatageuka. Ya kwanza nitakayochapisha nitaileta hapa. Ukiwa huko usiposikia kitu, usidhani sijafika. Nitakuwa mafunjoni, nimebana pumzi, hata kama hakuna tena mlio wa pili wa kuusubiri.

Kadi nitaitunza mimi. Mama hataiona.

Na nakuomba jambo moja, na sikuombi tena jingine. Mama akifika huko kabla yangu, atakuuliza. Najua atakuuliza, pengine kabla hata ya kukukumbatia. Sauti yako itakuwa imerudi. Mwambie ilikuwa mbili.

Lala, dada yangu.

Mdogo wako,
Adela